Bendi ya Mvuke na mgonjwa wa kitanda cha tisa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mlango wa bati chini ya bomba la kuteremshia nguo chafu unafunguka kwa kishindo na mzigo wa kwanza wa mashuka unaanguka ndani ya toroli. Mwanamke aliyevaa gambuti na aproni ya plastiki anarudi nyuma hatua moja. Haugusi mzigo mara moja. Anainamisha kichwa kuelekea tundu la bomba, anasikiliza kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kisha ndipo anaanza kuchambua: meupe huku, yenye damu kule, ya watoto peke yake.

"Wenzangu wanadhani naogopa sindano zilizosahauliwa ndani ya mashuka," anasema bila kuinua macho. "Sindano zipo, zimeshanichoma mara mbili. Lakini sindano haisikilizwi."

Ana miaka arobaini na sita, na kumi na saba kati ya hiyo ameitumia kwenye chumba hiki cha chini cha hospitali, akifua mashuka, nguo za wagonjwa na vitambaa vya chumba cha upasuaji. Yeye na wenzake wawili hufua zaidi ya kilo mia tatu kwa siku. Dawa ya madoa imemla kucha. Lakini ncha za vidole vya mkono wake wa kushoto zina sugu ambazo hazikuletwa na sabuni. Zimeletwa na nyuzi nne za gitaa la besi, na ndiyo maana hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, inamwita Nyuzi.

Kwa miaka miwili na miezi minane, Nyuzi alikuwa mpiga besi wa Bendi ya Mvuke, bendi ya roki ya watu wanne iliyozaliwa ndani ya chumba hiki na kufia humu humu. Ilikuwa na nyimbo kumi na moja zake yenyewe. Ulikuwapo na wa kumi na mbili, lakini huo wenyewe hawapendi kuutaja.

Yote yalianza na kaka yake, fundi umeme wa hospitali. Alikuwa na gitaa la umeme tangu ujana wake, akilipiga peke yake nyumbani mpaka majirani wakamzoea kama wanavyozoea jogoo. Siku moja, akitengeneza nyaya katika ghala la shule moja, alikuta gitaa la besi limetupwa nyuma ya madawati, shingo imepasuka, limebakiwa na nyuzi mbili. Akaomba apewe. Akaliunga kwa gundi na skrubu, akamletea mdogo wake kazini.

"Nikamwambia, kaka, mimi nina miaka arobaini na kitu, nina watoto watatu, nitaanza gitaa saa ngapi? Akaniambia, saa saba na nusu, ukishakula."

Wa tatu alikuwa wifi yake Nyuzi, yaani mke wa huyo kaka, fundi cherehani anayeshona viraka kwenye mashuka yaliyochanika. Ni mwanamke mwembamba, mpole, ambaye ukimsikia akiimba unageuka kutafuta ni nani mwingine yuko chumbani. Wa nne alikuwa fundi wa boila, mtambo wa kuchemsha maji uliopo nyuma ya ukuta, mzee wa utani mwingi aliyekuwa akipiga madebe matupu ya sabuni kwa spana hata kabla ya kuwapo bendi.

Walifanya mazoezi Jumamosi alasiri, mashine zikiwa zimezimwa na mvuke bado umening'inia darini. Jina likaja lenyewe. "Afadhali Mvuke," anakumbuka fundi wa boila. "Tungejiita Sabuni tungeisha mapema."

Kaka aliweka sharti moja tangu siku ya kwanza: hawapigi nyimbo za watu. Walipoalikwa kwenye sherehe, waalikwa walitaka zile wanazozisikia redioni. Kaka aligoma. "Za redioni zina wenyewe," alikuwa akisema. "Sisi tutapiga zetu, hata kama ni tatu." Mara mbili walishushwa jukwaani kabla ya kumaliza wimbo wa pili. Mara moja mpishi wa sherehe aliwaonea huruma akawafungia chakula, wakaenda kukila kituoni na vyombo vyao magotini.

Nyimbo zilikuwa zikitoka kwa Nyuzi. Hakuwa na habari nazo. Mwenzake wa kwenye mashine ya kupiga pasi ndiye aliyemwambia: kila asubuhi, akichambua mzigo, alikuwa akiimba puani, mdomo umefumbwa, wimbo ule ule siku tatu au nne mfululizo, kisha unaingia mwingine. Jumamosi alimwimbia kaka, kaka akautafutia mahali pake kwenye gitaa, wifi akauwekea maneno.

"Nilidhani hivyo ndivyo watu wanavyotunga," anasema Nyuzi. "Unafanya kazi zako, wimbo unakuja. Sikujiuliza unatoka wapi. Nani anajiuliza maji ya bombani yametoka wapi?"

Katika mwaka wa pili mambo yakaanza kuwanyookea. Chuo kimoja kikawaalika, wakaalikwa tena. Mtangazaji wa redio akapiga wimbo wao wa nne mara mbili kwa wiki. Vijana wakawa wanawasimamisha njiani. Wifi, ambaye zamani alikuwa akitembea amejiinamia, akanunua viatu vyekundu.

Kisha ikaja sherehe ya wafanyakazi, uwanjani hospitalini, mchana kweupe. Mstari wa mbele alikaa sista wa wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, mwanamke aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Wimbo wa kwanza ulipoanza alipiga makofi. Wa pili ulipoanza, mikono yake ikasimama hewani, ikabaki hivyo mpaka mwisho.

Walipokuwa wakikunja nyaya, akawafuata.

"Wanangu, nani kati yenu huwa anakuja kumwimbia mzee wangu wa kitanda cha tisa?"

Wakatazamana. Hakuna aliyewahi kukanyaga wodi ile.

"Basi yeye amewasikia wapi?" akauliza sista. "Maana hizi nyimbo zote ni zake."

Wakaenda kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa. Mgonjwa wa kitanda cha tisa alikuwa mpaka rangi wa majumba, amelazwa mwaka wa tano kwa kiharusi. Upande mmoja wa mwili umekufa, hasemi neno, hana ndugu anayekuja. Alikuwa amelala chali, uso umetazama dari, na kutoka puani mwake ulikuwa ukitoka wimbo wao wa sita, taratibu, bila kukosea.

"Mimi nilijua nimekwisha pale alipofika kwenye kiitikio," anasema Nyuzi, na kwa mara ya kwanza anaacha kuchambua nguo. "Aliacha sauti ya wifi, akashuka chini. Akaimba besi. Ile besi niliitafuta mwenyewe chumbani kwangu, nimekaa kitandani, gitaa halijachomekwa popote. Hata kaka alikuwa hajaisikia vizuri."

Kaka alikuwa na maelezo. Wodi ile zamani ilikuwa ghorofa ya nne, na kitanda cha tisa kilikuwa ubavuni mwa mdomo wa bomba la nguo chafu, lile lile linalomwaga mashuka mbele ya Nyuzi. Sauti hupanda, sauti hushuka. Mzee alikuwa akiwasikia Jumamosi wakifanya mazoezi, akazishika nyimbo zao. Au yeye aliimba huko juu, Nyuzi akasikia bila kujijua. Vyovyote vile, ni bati tu na hewa.

Wote wakapumua. Hata sista alitikisa kichwa kukubali. Kisha akasema jambo moja, kwa unyonge, kama mtu anayeomba radhi.

"Lakini hapa tulihamia mwezi wa pili mwaka jana. Jengo hili halina bomba."

Jengo jipya liko ng'ambo ya ua, hatua mia moja na zaidi, na madirisha yake yametazama upande mwingine. Saba kati ya nyimbo zao kumi na moja zilikuwa zimekuja baada ya wodi kuhamia huko.

Sista akatoa simu yake. Alikuwa amemrekodi mzee tarehe nne ya mwezi wa tano ili daktari aone kwamba ana nafuu. Ulikuwa wimbo wao wa tisa. Bendi iliupiga kwa mara ya kwanza tarehe kumi na tisa mwezi ule ule, na Nyuzi anasema yeye mwenyewe aliuamkia tarehe tisa au kumi. Kaka aliichukua simu, akaitazama tarehe, akairudisha. Akaiomba tena, akaitazama tena.

"Simu nazo hukosea," akasema.

Tangu siku hiyo Bendi ya Mvuke haikuwa ile tena. Hakuna aliyegombana na mwenzake, ila mazoezi yalipungua soga. Fundi wa boila aliacha utani. Wifi alianza kuimba amefumba macho, na ukimuuliza anasema mwanga unamuumiza. Nyuzi alizoea kupita jengo jipya kila siku saa ya mapumziko ya mchana, anakaa dakika ishirini kando ya kitanda. Mzee hakuwahi kumtazama. Aliimba tu.

Ndipo ukaja wimbo wa kumi na mbili. Nyuzi aliuamkia siku ya Jumatatu, akauimba wiki nzima, na kila alipofika mahali fulani baada ya ubeti wa tatu, ulikatika. Si kwamba aliusahau. Haukuwa na mwendelezo, kama ngazi iliyokosa vidato vya juu. Mchana akavuka ua. Mzee alikuwa akiuimba huo huo. Alifika pale pale, akanyamaza, akaanza upya.

Wiki mbili baadaye walikuwa na onyesho kubwa kuliko yote, alasiri ya Jumamosi katika ukumbi wa chuo, watu mia sita, na yule mtangazaji wa redio akija na mitambo yake ya kurekodi. Kaka alitaka wimbo mpya wa kufungia. Akautungia ule wa kumi na mbili mwisho wake.

"Nilimwambia, kaka, tuuache mpaka uishe wenyewe," anasimulia Nyuzi. "Akaniambia, wimbo hauishi wenyewe, humalizwa na fundi. Mwisho alioutunga ulikuwa mzuri, nisimsingizie. Mpaka leo nasema: ulikuwa mzuri."

Onyesho lilikwenda vizuri mno. Watu walisimama juu ya viti. Wimbo wa mwisho ulipoisha ukumbi ulipasuka kwa makofi, na kaka alimshika mkewe mkono akaunyanyua juu. Wifi alikuwa anatabasamu, lakini mkono ulikuwa wa baridi, na alipofika nyuma ya jukwaa alikaa sakafuni na viatu vyake vyekundu.

"Nilipofika kile kipande cha mwisho," aliwaambia, "niliimba kwenye chumba kitupu. Nawaona watu mbele yangu, midomo yao inakwenda, lakini chumbani hamkuwa na mtu. Kama vile kuna aliyekuwa anasikiliza siku zote, akaondoka."

Jumatatu sista alishuka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kushuka. Alisema mzee wa kitanda cha tisa alikuwa akiimba Jumamosi kutwa, na saa kumi na dakika ishirini alinyamaza katikati, mdomo wazi. Hakuzidiwa. Alikula, alilala, mapigo ya moyo yako sawa. Ila tangu hapo hajatoa sauti.

Saa kumi na dakika ishirini ndipo kaka alipopiga kile kipande cha mwisho. Mtambo wa mtangazaji ulikuwa umeandika saa.

Walikutana Jumamosi iliyofuata, mahali pao pa siku zote, kati ya mashine mbili kubwa. Hakuna aliyefungua mfuko wa gitaa.

"Mimi siimbi tena," alisema wifi. "Msinibembeleze. Nashona mashuka, hayanidai kitu."

"Ni mzee mgonjwa, amechoka kuimba," alisema kaka. "Sasa tuzike kazi ya miaka karibu mitatu?"

"Wewe ndiye uliyesema nyimbo za watu zina wenyewe," Nyuzi alimjibu.

Kaka aliunyooshea kidole mfuko wa besi. "Nilikuokotea gitaa ghalani," akasema. "Nikaliunga kwa mikono yangu. Na wewe bendi yetu umeichukua ukampa maiti."

"Hajafa, kaka."

"Basi kaishi naye."

Fundi wa boila aliokota spana zake mbili, akazipangusa kwa kitambaa. "Mimi kazi yangu ni kutunza mapigo," alisema. "Na kwa wiki nzima hii sijui yananipeleka wapi. Nisameheni." Akaenda zake boila, akafunga mlango.

Hivyo ndivyo bendi ilivyokufa, kwa mazungumzo yasiyofika robo saa. Mtangazaji aliupiga wimbo wa kumi na mbili redioni mara moja tu. Anasema kanda ilikuwa na kasoro: kwenye kipande cha mwisho vyombo vyote vinasikika isipokuwa besi. Nyuzi anaapa aliipiga.

Kaka na dada wanaishi nyumba zinazotazamana, ua mmoja, bomba moja la maji. Kwa miezi kumi na minne hawakusemezana. Watoto wa Nyuzi walitumwa kupeleka salamu na kurudisha vyombo. Hospitalini, taa ikiharibika chumba cha kufulia, kaka alimtuma msaidizi. Wifi alikuwa akimsalimia Nyuzi dirishani, kwa kichwa tu, kama watu wanaopishana kwenye foleni.

"Watu hudhani bendi ikivunjika unakosa muziki," anasema Nyuzi. "Mimi nilikosa kaka. Muziki nao ukakoma. Miezi kumi na minne nachambua mashuka, kichwa changu kimya kama sufuria iliyooshwa."

Kila mchana aliendelea kuvuka ua. Sista alistaafu, akaja mwingine, naye akamzoea. Wakati mwingine Nyuzi alikwenda na besi, akaipiga bila spika, chini chini, nyimbo zile kumi na moja. Mzee alitazama dari.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatano, alikuwa akiingiza mashuka kwenye mashine ya pasi aliposikia mwenzake akiimba puani. Ulikuwa wimbo asioujua. Akamuuliza ni wa nani. Mwenzake akashtuka: hakujua kama anaimba.

Nyuzi aliacha shuka likiungua. Akafungua mlango wa boila. Fundi, ambaye walikuwa wakikwepana mwaka mzima, alikuwa amempa mgongo, anakaza nati kwenye bomba la mvuke, na kila baada ya mzunguko mmoja aligonga bomba kwa spana. Mapigo yalikuwa ya wimbo ule ule.

"Umeanza lini?" alimuuliza.

Fundi hakugeuka. "Tangu jana, dada. Nilikuwa naomba isiwe kitu."

Akapanda chumba cha cherehani. Wifi alimwona mlangoni, akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja kabla hajaulizwa lolote. "Nimeamka nao," akasema. "Usiniulize. Kaka yako ndiye tu asiyeusikia. Namwona asubuhi ameketi ukingoni mwa kitanda, ananitazama mdomo, anajua kuna kitu nimemficha."

Mchana ule Nyuzi alivuka ua akikimbia. Mgonjwa wa kitanda cha tisa alikuwa kimya kama kawaida, midomo imefungwa. Lakini kidole kimoja cha ule mkono uliokufa, mkono ambao madaktari walisema hautanyanyua hata kijiko, kilikuwa kikigonga shuka kwa mapigo yale yale, kikifika mahali kinakoma, kinaanza upya. Na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, macho yake hayakuwa darini. Yalikuwa mlangoni, kama ya mtu aliyeanza kungoja mapema.

Daktari amelipokea hilo kama nafuu ndogo. Nyuzi hana ubishi naye. Yeye amekata shauri lake: ameomba ahamishwe kutoka chumba cha kufulia awe mhudumu wa wodi, kazi ya kufuta sakafu na kugeuza wagonjwa, ambayo itampunguzia karibu robo ya mshahara. Ombi limekubaliwa. Anaanza Jumatatu.

"Nilipofika hapa nilikuwa bado kijana, mashine hizi zimenizeesha," anasema. "Kule ni kimya. Nataka kuwa karibu wimbo ukiisha. Safari hii hakuna atakayeumaliza kwa nguvu, hata mimi."

Bado lipo jambo la kaka, na hilo analisimulia akiwa ameketi juu ya toroli lililopinduliwa, mikono magotini.

Alhamisi iliyopita taa mbili ziliungua chumba cha kufulia, na aliyeingia na ngazi hakuwa msaidizi. Kaka hakusalimia. Alipanda, akafungua taa ya kwanza, akafunga mpya. Alikuwa ameshafika kwenye ya pili aliposema, uso ukiwa umeelekea darini:

"Unaanzia noti gani?"

Nyuzi alidhani hakusikia vizuri. Kaka akangoja, taa mkononi.

"Mke wangu anaimba usingizini," akasema. "Fundi wa boila ananikimbia. Sijapewa chochote mimi, mdogo wangu. Nimekaa mwaka mzima nangoja. Niambie tu unaanzia wapi."

Akamwimbia noti nne, za mwanzo kabisa. Hakuongeza hata moja. Kaka alitikisa kichwa, akafunga taa, akashuka, akaondoka na ngazi yake.

Jioni, saa kumi na mbili, Nyuzi alikuwa anaanua nguo uani. Kutoka nyumba ya pili kukasikika gitaa, taratibu, noti zile nne. Kisha ya tano, ya sita, na ubeti mzima, kama yeye anavyoujua. Likafika mahali ambapo kila mmoja wao hukomea, yeye, wifi, fundi wa boila, na kile kidole kwenye shuka.

Gitaa halikusimama. Lilipita.

"Nilimpa nne," anasema Nyuzi. "Nne tu."

Alibaki pale uani amekumbatia nguo mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akaenda kugonga mlango wa kaka yake. Jumatatu, saa ya kutazama wagonjwa, wataingia wodini wote wanne.